Mbwa wetu ameuma mtoto, na mama mkwe anasema mtoto njo iko na kitu

Jambo mshauri,

Nisamehe juu barua itakuwa refu, mimi sijue kufupisha. Niko mama wa watoto watatu, tunakaa Goma, kartie ya Kyeshero, parseli yetu iko na nyumba mbili za mbao na choo nyuma, upande moja kuko ukuta wa mawe ya volkano, upande ingine mabati tu. Tuko wengi: mimi, watoto, mama mkwe, shemeji yangu, na tena mtoto wa dada yangu, iko na miaka sita, walikimbia vita kule Masisi, dada akarudi kuangalia shamba, mtoto akabaki kwangu. Bwana yangu anafanya kazi Butembo, anakuyaka mara moja moja.

Mbwa wetu anaitwa Makala, juu iko mweusi tii. Bwana njo alimuleta akiwa kadogo kabisa, macho imetoka tu kufunguka, mama yake aligongwa na gari. Alikulia ndani ya parseli, barabara hajui, wageni hajui. Bwana alikuwa anamutilia pilipili kwa bugali ili akuwe mukali, vile wazee wanasemaka. Na kweli usiku anabweka, wezi walipita kwa majirani wetu, kwetu hawakuingia, hiyo siwezi kuikana.

Ile wiki ya mwisho wa Januari 2025, risasi na bomu zikilia kila upande, Makala aliingia chini ya kitanda cha mama mkwe, akakatala kutoka, anatetemeka, anajikojolea, hata maji hakunywa. Tangu pale hajarudi sawa. Moto, ile pikipiki, ikipiga mlio kwa barabara anakimbia nyuma ya choo. Ngurumo ya mvua ni vile vile.

Sasa huyu mtoto wa dada anapenda Makala kupita watu wote wa nyumba. Akitoka masomo anaenda kwake kwanza, anamukumbatia shingo, anamuongelesha maneno yenye sisi hatuambiagi. Lakini Makala, tuseme ukweli, hakumupenda toka mwanzo. Mtoto akikaribia, yeye anageuza kichwa upande ingine na kiburi, anapiga miayo, anajilamba midomo sawa mwenye anatamani kumukula, na macho inaonyesha weupe pembeni. Kisha akaanza kunguruma. Shemeji akasema hiyo ni dharau, aliona video kwa telefone, kuko mtu anafundisha kama lazima mbwa ajue nani ni shefu, basi kila akinguruma shemeji anamuangusha mgongo chini, anamukamata koo, anamupiga na kiatu. Ilisaidia, juu aliacha kunguruma kabisa, tukapumua.

Halafu, sasa ni zaidi ya wiki tatu, ilikuwa mangaribi, niko natwanga sombe, Makala amelala kwa kikona kati ya choo na ukuta. Mtoto akamufuata kule, akamukamata kichwa na mikono mbili ili amubusu. Makala akamuuma mkono. Bila kunguruma, bila kitu, mara moja tu, akaachilia. Damu ilitoka, alama ya meno mbili. Mama mkwe akapakala mafuta ya ngazi, tukafunga kitambaa, na kidonda sasa kimepona. Makala vile aliniona nakuja na mti alishusha masikio, akaficha mkia, akaangalia chini, alijua wazi kama amekosa. Anakula muzuri, ila siku hizi anatingisha kichwa sana na kukuna sikio ya kushoto.

Shida yangu sasa. Shemeji anasema tumupatie dawa ya panya tumalize. Bwana kwa telefone anasema mbwa hatoke kwake hata siku moja, inatosha kumufunga mnyororo. Na mama mkwe, hapo njo naogopa, ameanza kusema polepole kama mbwa anaonaka vitu vyenye watu hawaone, na kama Makala anachukia mtoto moja tu katika nyumba nzima, basi mtoto mwenyewe iko na kitu. Hajasema mbele yake. Mtoto kila asubuhi ananiuliza kama Makala bado amemukasirikia. Nikitoa mbwa nagombana na bwana na tunabaki bila ulinzi usiku, nikimuacha anaweza kurudia, na ya mama mkwe sijue hata nianzie wapi.

Mama wa Kyeshero

---

Mama wa Kyeshero, jambo sana.

Naanza na kidonda, ingine itafuata. Mbwa akiuma na damu ikatoka, mafuta ya ngazi haifai, na kitambaa si cha kukimbilia. Kinachotakiwa ni maji na sabuni, kuosha dakika 15 nzima, kisha kituo cha afya siku ile ile juu ya kichaa cha mbwa. Huo ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na Shirika la Afya Duniani linasema mpaka 99 kwa 100 ya wagonjwa wanaupata kwa mbwa. Kwenu kuko kitu cha kutuliza roho: Makala anakula, iko muzima, na wiki tatu zimepita. Mbwa mwenye iko na virusi katika mate siku anauma, kawaida ndani ya siku 10 anakuwa mgonjwa wazi ao anakufa. Lakini usibakie na maneno yangu. Peleka mtoto kwa infirmie, mueleze tarehe na hali ya mbwa, yeye njo aamue kuhusu vaksini, juu kwa mtu ugonjwa unaweza kukaa kimya miezi 2 ao 3, na mara ingine zaidi. Ngozi kufunga haituambie kitu. Makala naye, haukusema kama alishapata vaksini hata mara moja, kama hapana basi iko ya kwanza kwa orodha.

Sasa nirudie vile nimekuelewa. Uko na mbwa mwenye analinda na mwenye ameuma, uko na mtoto wa dada yako mwenye ulipokea na mikono mbili, uko na bwana mwenye iko mbali na anaamua kwa telefone, na uko na wakubwa wawili ndani ya nyumba wenye kila mmoja amesoma Makala kwa njia yake: shemeji anasoma dharau, mama mkwe anasoma pepo. Na wewe pia, mama, usikasirike, umemusoma: unasema hakumupenda, ana kiburi, anatamani, alijua amekosa. Nimesoma barua yako tena na tena na naona Makala mwenye uliandika hafanane na yule mwenye ninyi wote munaongelea.

Angalia maneno yako mwenyewe. Mtoto anakaribia, Makala anageuza kichwa, anapiga miayo wakati hana usingizi, anajilamba midomo wakati hakuna chakula, weupe wa macho unaonekana pembeni. Watu wenye wanajifunza tabia za mbwa wanazijua hizo dalili vizuri sana, na zote nne zikikuja pamoja zinasema kitu kimoja: sina raha hapa, naomba nafasi. Kugeuza kichwa kwa mbwa ni adabu, njo namna yake ya kuepuka ugomvi. Ule ulimi mwenye unaona unapita haraka juu ya pua si wa hamu ya kula mtoto. Makala alikuwa anaomba, tena kwa upole, kwa muda mrefu.

Hakuna mtu alielewa, basi akaongeza sauti, akanguruma. Na hapo njo naomba tukae kidogo, juu naona hapa njo shida iligeukia. Kunguruma kwa mbwa ni onyo. Shemeji alimupiga juu ya onyo, na Makala akajifunza vile alifundishwa, kama kunguruma kunaleta kiatu na mkono kwa koo. Hofu yake kwa mtoto haikupunguka hata kidogo, labda iliongezeka, juu sasa mtoto akikaribia na kichapo kinakaribia. Kilichopotea ni sauti tu. Ndio maana unasema aliuma bila kunguruma, bila kitu. Sauti ile njo ingekufanya uache sombe na ukimbie kule nyuma.

Simuhukumu shemeji, ile mambo ya shefu imezunguka dunia nzima. Ilitoka kwa mbwa mwitu wenye walifungiwa pamoja bila kujuana, mtafiti Rudolf Schenkel aliandika mwaka 1947 vile wanagombania ukubwa. Mmarekani David Mech akaieneza kwa kitabu chake cha 1970, lakini huyo huyo Mech, kisha kukaa miaka na mbwa mwitu wa porini, aliandika mwaka 1999 kama kundi la porini ni familia tu, baba na mama na watoto wao, hakuna wa kupigana ili akuwe shefu. Muonyeshe shemeji hiyo kwa upole, peke yenu, si mbele ya watoto, juu anaamini analinda nyumba na hiyo nia ni nzuri.

Na ile ya kushusha masikio na kuangalia chini? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alijaribu na mbwa 14, wengine walikula chakula chenye walikatazwa, wengine hawakugusa, na wenye mbwa wakaambiwa mara kweli mara uongo. Ile sura ya kukosa ilitokea sana sana wakati mwenye mbwa anagomba, hata kama mbwa hakufanya kitu. Makala aliona mti kwa mkono wako. Kama ndani yake anajuta ao hapana, mimi sitathubutu kusema, lakini ile sura peke yake haitoshi kumupatia hatia ya mtu.

Mama, kuko neno dogo uliweka mwisho wa habari ya mbwa, sijue kama ulilipima: anatingisha kichwa na kukuna sikio ya kushoto. Sikio yenye usaha ndani ao kupe inauma sana, na mtoto alimukamata kichwa na mikono mbili. Siwezi kusema ndio hivyo ilikuwa. Lakini mbwa mwenye anaumia hafanane na yeye mwenyewe, na sikio inaweza kuangaliwa na veterineri siku ile ile ya vaksini. Umueleze veterineri mbele, na umupeleke Makala na kamba na kitambaa cha kufunga mdomo, juu akiguswa pale anaweza kuuma yeyote.

Sasa mama mkwe. Hapa nitaongea bila kuzunguka juu ni mtoto njo iko hatarini, na hatari hii naiona kubwa kupita meno ya Makala. Kuko watoto wengi barabarani katika miji yetu wenye mambo yao ilianza na neno moja polepole jikoni. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kushtaki mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inapatia mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Hiyo uijue wewe. Kwa mama mkwe sidhani unapaswa kuanza na sheria, ni mzee, iko kwa mtoto wake, na labda naye aliogopa ile wiki ya Januari na mbwa chini ya kitanda chake. Unaweza kumuanzia kwa heshima na vitu vyenye yeye mwenyewe aliona: Mama, Makala anakimbia moto, anakimbia ngurumo, na mtoto huyu njo peke yake katika nyumba mwenye anamufuata mpaka pa kulala na kumushika shingo. Wengine wanamuacha. Ndiyo maana mtoto ni huyu na si mwingine. Chenye Makala anaogopa kinatueleza habari ya Makala. Akikatala kusikia na akianza kusema mbele ya mtoto ao kwa majirani, ao kutaja maombi ya kumufungia mtoto, usibaki peke yako na hiyo siri, tafuta mtu mwenye mama mkwe anaheshimu, dada yake ao mchungaji mwenye unaamini hapeleki mambo huko, na ujue kuko pia huduma ya serikali ya mambo ya jamii.

Kuhusu Makala mwenyewe, uko na njia mbalimbali, na hakuna hata moja isiyo na bei.

Dawa ya panya naomba muitoe mezani. Mnyama anakufa vibaya na kwa muda, na hiyo sumu ikibaki katika parseli yenye watoto wanacheza chini, hamujue itaishia kwa mkono wa nani. Kama siku moja mutafika pa kusema haiwezekani tena kuishi naye, veterineri ndiye wa kuitwa, anajua kufanya bila mateso. Kufika pale si ukatili wa moja kwa moja, kuko nyumba zenye zilipafika kwa upendo, lakini sione kama ninyi mumeshapita njia zingine.

Kumupatia mtu mwingine ni rahisi kusema. Mbwa mwenye hajui wageni, hajui barabara, umutie katika parseli ya watu wapya, ataogopa zaidi, na kama hawajue alishauma, mtoto wao njo ataumwa. Ukichagua hiyo, waambie yote, hata ya kiatu. Wengi watakataa, na wenye watakubali labda wanamutaka kwa ule ukali, hapo ujiulize anaenda kwa maisha gani.

Mnyororo wa bwana, ninaelewa mawazo yake, lakini mnyororo wa mchana kutwa unatoa kwa Makala njia moja yenye alikuwa bado nayo, kukimbia. Mbwa mwenye hawezi kukimbia anabaki na meno tu. Na mtoto wa miaka sita atafika mwisho wa mnyororo bila shida.

Kubaki naye na kubadilisha mambo ya nyumba inaweza kufanana hivi: ile kikona kati ya choo na ukuta, yenye amechagua yeye, muifunge na mbao, kimo chenye watoto hawapande, na iwe yake kabisa, kula pale, kulala pale, na akiwa ndani hakuna mtu anamufuata wala kumuvuta, hata risasi ikilia. Na kama anatetemeka na anakuja kwako, kumutuliza haimuongezee uoga, hiyo wasiwasi iache. Mchana watoto wakicheza anafungiwa kule, usiku wakilala anafunguliwa. Na pilipili iishe, inamuchoma tumbo tu. Kazi yenye munahitaji kwake ni kubweka, na hiyo anaifanya vizuri hata bila ukali. Mutoto umufundishe kungoja: asimame mbali, aite, Makala akikuja mwenyewe anaweza kumurushia kipande cha bugali chini, hamushike, hamubusu, na akigeuza kichwa basi mchezo umeisha leo. Mbele ya mkubwa kila mara. Hapo njo bei yake, mama, na sitaificha: nyumba ya watu wengi, mlango wa mbao mtu anasahau wazi, wewe uko sokoni, shemeji amelala. Njia hii inashika kama kila mkubwa ameikubali, pamoja na shemeji na kiatu chake. Kama unajua moyoni kama hawataishika, hiyo pia ni jibu, na ulitie kwa hesabu kabla ya kuchagua. Tena usingoje abadilike kabisa. Mbwa anajifunza watu na dunia sana sana kati ya wiki ya 3 na ya 12 ao 14, na Makala ile miezi aliipitisha bila mama, ndani ya ukuta. Ataweza kutulia zaidi, lakini kuwa mbwa wa kukumbatiwa na mtoto, sitakuahidi.

Kuhusu mtoto, swali yake ya kila asubuhi imenikaa. Mueleze kama Makala hakukasirika, aliogopa, na kuogopa anakujua yeye mwenyewe tangu Masisi. Ataelewa hiyo kupita sisi wote. Na hayo maneno anaambiaga mbwa na hamuambie mtu, labda jioni moja moja ukikaa naye peke yenu bila kumuulizauliza, itatoka kidogo. Sisemi Makala amuachie hiyo nafasi, nasema asibaki na yeye peke yake.

Bwana, mupigie, lakini usimuulize mbwa abaki ao atoke, juu kwa hiyo swali ameshajibu na ataendelea kujibu vile vile. Mueleze kuhusu sikio, na vile onyo lilizimwa, na maneno ya mama yake, ambayo naona kwa barua haukumuambia bado. Muulize akiwa Butembo nani katika nyumba anapaswa kufungua na kufunga ule mlango wa mbao, na atume franga ya veterineri na ya mbao. Na veterineri akishaangalia sikio, tuandikie tena, juu akikuta kitu ndani, mengi ya haya itabidi tuyaangalie upya.